Mzigo Mwepesi wa Kulala Porini

Siku yangu ya kwanza kazini, Kapita wa Wawindaji, yaani msimamizi wetu, hakunipa bunduki. Aliniambia nitue mzigo wangu kwenye mzani wa ghala, ule uliotumika kupimia magunia ya mawe ya madini, kisha akasimama akiutazama mshale.

Hapo tulikuwa kwenye kambi ya kampuni moja ya uchimbaji, kaskazini, upande wa Punia. Mimi nilikuwa kijana wa mji wa Kindu, jina langu Ramazani, nimeajiriwa kuwa mwindaji. Zamani zile kampuni ndiyo iliyowalisha wachimbaji wake, na kitoweo kilitoka porini. Wengi wa wachimbaji wale walikuwa Waislamu wa kwetu mjini, hawali mnyama asiyechinjwa, ndiyo maana walitafuta kijana anayejua kusoma bismillahi na kushika kisu. Habari za pori nilikuwa sizijui kabisa.

"Uko nabeba nini humu ndani?" Kapita aliuliza.

"Vitu vya kulala, Kapita."

"Iko kilo kumi na sita. Bunduki haiko ndani, chakula haiko ndani. Nyama utairudisha na nini? Na meno?"

Akaufungua mzigo mbele ya watu. Alitoa blanketi mbili, mkeka, mto wa pamba ambao mama yangu aliushona kwa mikono yake, na turubai nene la lori nililoazima kwa mjomba. Aliponirudishia mzigo, ndani ulikuwa na shuka moja na panga. Wenzangu walicheka. Kapita mwenyewe hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, wa miaka hamsini hivi, na sikumbuki kumwona akicheka hata mara moja katika miaka sita niliyomtumikia.

Nataka ninyi vijana mnaosoma muelewe kazi ilikuwaje. Mwindaji wa kampuni aliondoka kambini Jumatatu, akaenda mwendo wa siku mbili mpaka mahali ambapo wanyama hawajasikia bunduki, akawinda, akakausha nyama juu ya moshi, akarudi nayo mgongoni. Kila kilo ya vitu vyake vya kulala ilikuwa kilo ya nyama iliyobaki porini. Lakini mwindaji aliyelala vibaya naye hakufaa. Mikono ilitetemeka asubuhi, akakosa shabaha, au akarudi na homa ya kifua akalala hospitali mwezi mzima. Kati ya mambo hayo mawili ndipo elimu yetu ilipokuwa.

Kapita aliigawa elimu hiyo katika maneno matatu: juu, chini, joto.

Juu ni kitu cha kuzuia mvua. Sisi tulitumia turubai jembamba la pamba, tukaliita bashi kama Wafaransa, upana wake mtu mmoja na nusu. Kabla ya kulipokea kutoka ghala, watu wawili walilishika pembe kama beseni, likamwagiwa maji, na Kapita akapiga magoti akitazama chini yake. Tone moja likipita, alilirudisha. Mishono aliisugua kwa mshumaa mpaka ikang'aa. Kamba ya mgongo, yaani ile inayofungwa kati ya miti miwili ili bashi lipande juu yake, aliagiza kwa wavuvi wa Lokandu, kwa sababu kamba yao ya nyavu ni nyembamba, haiozi, na haivutiki ikilowa. Na kabla ya kufunga chochote, ilikuwa lazima utazame juu. Tawi kavu limeua wawindaji wengi kuliko chui, alisema, na mimi nimewahi kumtoa mtu chini ya tawi la namna hiyo.

Chini ni kitanda. Katika msitu wetu ardhi haikauki, na siafu hawatoi taarifa. Basi tulikata fito, tukajenga kichanja kimo cha goti, tukafunga kwa kekele, yaani mitambaazi ya porini, tukatandika majani ya mangungu, yaleyale ambayo mama zetu hufungia chakula. Kichanja hakina uzito wowote, maana hukibebi. Unakijenga jioni na kukiacha asubuhi.

Joto ni moto. Unauwasha pembeni, na yakishapatikana makaa unayasukuma chini ya kichanja. Mgongo unapata joto, moshi unafukuza mbu, nguo zinakauka. Hapo ndipo Kapita alipowatupilia mbali watu wa blanketi.

"Bulangeti ikilowa njo adui," alisema. "Porini moto njo bulangeti."

Maneno hayo, kwamba porini moto ndio blanketi, niliyashika kama aya.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Pangi, na huko nilimkuta Shefu wa Kambi, yaani mkuu wake, bwana mrefu aliyependa kofia. Yeye alikuwa ameagiza hema la nguzo za chuma, lenye madirisha ya nyavu na zulia chini. Alitaka lifuatane na wawindaji kila safari.

"Hema hii njo heshima ya kampuni," aliniambia.

"Shefu, inabebwa na watu wane."

"Basi watu wane wataibeba."

Tulilibeba. Safari ile tulifika nusu ya njia tu, tukarudi na paa wawili wadogo kwa wachimbaji mia na zaidi, na katikati ya mto nguzo moja ilituponyoka ikazama. Bila ile nguzo hema halikusimama tena. Shefu alilitumia baadaye kufunika gari lake. Nilipeleka habari kwa Kapita kwa barua, na jibu lake lilikuwa mstari mmoja: nisiache mzani.

Alipostaafu, Kapita alipita Kindu akielekea kwao, nami nikiwa huko kwa likizo, akaniachia bashi lake. Lilikuwa la kijani kibichi, limeviringishwa likawa kama mkono wa mtu. Alinionyesha kila mahali alipolishona, na kila mshono ulikuwa na hadithi ya safari yake. Nilikuwa tayari mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini siku ile nilijiona nimepewa cheo.

Kisha kampuni ikafa. Mashine zikanyamaza, mishahara ikakoma, kila mtu akarudi alikotoka. Mimi nilirudi mjini nikaendelea kuwinda kwa ajili ya soko. Hapo ndipo vita vilipotukuta.

Sitaeleza vita. Wapo wanaojua kueleza nani alimpiga nani. Mimi nitaeleza asubuhi moja tu, milio ya bunduki ilipoanzia upande wa uwanja wa ndege na majirani wakajaa uani kwangu kwa sababu walijua mimi ni mtu wa pori. Tulikuwa watu kumi na tisa. Tuliteremka mtoni kuvuka kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili, ili tuingie msituni. Wenye mitumbwi walikuwa na haraka, na mizigo ilikuwa mingi. Nikafanya alivyofanya Kapita. Nilifungua mzigo wa kila mtu palepale mchangani. Nilitoa masufuria makubwa, redio, kichwa cha cherehani. Watu walilia, lakini walinitii.

Mama Zaina alikuwa mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, jirani wa ukuta mmoja. Kila asubuhi alikaanga mikate ya mafuta, na mtaa mzima uliamka kwa harufu yake. Watoto wake watatu alikuwa amewatanguliza kwa treni, wameenda kwa mjomba wao kusini. Yeye alibaki kulinda nyumba. Kichwani alikuwa amebeba blanketi la sufu, zito, la rangi ya kahawa, alilonunuliwa na marehemu mumewe aliyekuwa mtu wa reli.

"Yaya," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "acha hiyo."

"Mudogo wangu, mimi nasikia baridi upesi. Unanijua."

"Iko nzito. Ikilowa itakuwa mara mbili. Porini moto njo bulangeti."

Alilishusha kichwani. "Wewe njo unajua pori," alisema. Akalikunja blanketi mara nne, taratibu, akaliweka juu ya jiwe, kana kwamba angelipitia jioni.

Tulitembea siku mbili. Mahali nilipochagua palikuwa pazuri, mbali na njia, karibu na kijito lakini juu yake, bila mti mkavu. Nilifunga bashi la Kapita kwa wazee na watoto, na kwa wengine tukajenga vibanda vya mangungu. Nilijenga vichanja tisa. Niliwasha mioto. Siku mbili za kwanza watu walilala vizuri kuliko walivyotarajia, na asubuhi mwanamume mmoja alinishika mkono akasema hata nyumbani hajawahi kulala hivyo. Sitaficha kwamba nilijivuna.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alitufikia mwanakijiji mmoja akikimbia. Alisema wenye silaha wamelipata kundi jingine la wakimbizi, si mbali na sisi. Waliona moshi juu ya miti wakaufuata.

"Hiyo moto muzime," alisema. "Muzime sasa hivi, na musiwashe tena."

Tulizima. Jioni ileile mvua ikaanza, na haikuacha kwa siku nyingi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili halikuwa katika mafunzo ya Kapita, na mimi nililijifunza kwa namna mbaya. Hesabu yetu yote ilisimama juu ya moto. Ukiuondoa moto, kila kitu tulichokisifu kinageuka. Bashi jembamba halihifadhi joto. Kichanja chenyewe, ambacho ni kizuri kikiwa na makaa chini yake, bila makaa ni kitu kibaya, maana upepo unapita chini ya mgongo wako na kukunyonya joto mpaka asubuhi. Nililitambua hilo siku ya pili ya mvua. Nikavunja vichanja, nikawashusha watu chini juu ya tabaka nene la majani, nikawabananisha wote pamoja. Lakini majani yalikwisha kulowa, na nguo zilikwisha kulowa.

Mama Zaina alianza kukohoa. Tulimweka katikati, wanawake wawili wakamlalia pande zote. Mke wangu alimvulia kitenge chake cha pili. Mimi nilitembea mchana kutwa nikitafuta gome kavu, pango, shimo la mti, chochote. Nilifika mpaka nikakusudia kurudi mtoni kutafuta lile blanketi juu ya jiwe, na mke wangu akanizuia kwa mikono miwili, akasema nikifa wale kumi na wanane watamfuata nani.

Mama Zaina hakunilaumu. Hilo ndilo lililonishinda. Siku nzima nilingoja aseme, "Ramazani, nilikuambia," na hakulisema. Asubuhi moja, mvua imekatika kidogo, aliomba aketishwe. Tulimwegemeza kwenye mti. Alivuta pumzi kwa shida.

"Watoto wangu," alisema, "uwaambie nilikuwa na watu."

"Nitawaambia, Yaya."

"Uwaambie sikuwa peke yangu."

Alikufa kabla ya adhuhuri. Wanawake walimwosha kwa maji ya kijito. Hatukuwa na sanda, na nguo zote zilikuwa miilini mwa watu. Nilikunjua bashi la Kapita, nikaweka kisu, nikakata theluthi yake. Tulimsalia kwa sauti ya chini, tukamzika mahali ambapo ardhi ilikuwa na kokoto. Mimi nilitia alama za panga kwenye miti mitatu.

Sisi tuliobaki, kumi na wanane, tulirudi Kindu wazima vita vilipotulia. Watu wanapokutana nami barabarani mpaka leo hunishukuru. Wengine wamewapa watoto wao jina langu. Watoto wa Mama Zaina waliporudi kutoka kusini, wakubwa sasa, niliwapelekea maneno ya mama yao kama alivyoniagiza. Niliwaambia alishikwa na homa ya kifua. Niliwaambia alikuwa na watu. Habari ya blanketi sikuitaja.

Baada ya vita nilipata kazi yangu ya mwisho. Walinzi wa msitu walihitaji mtu wa kuwafundisha vijana wapya kuishi porini wiki tatu kwa kile walichobeba, na nikachukuliwa mimi. Mkuu wetu, tuliyemwita Konservateri, alikuwa kijana msomi mwenye adabu. Vifaa vilikuja vipya kabisa: vijihema vya nailoni vyenye uzito wa kuku mmoja, vitanda vya kuning'inia vyenye chandarua kilichoshonewa humohumo. Nilivipima vyote. Nilivimwagia maji, nikapiga magoti nikatazama chini. Vingine vilikuwa vizuri kweli. Vingine vilifaa nchi isiyo na mvua yetu, maana ndani vilitoa jasho mpaka mtu analowa bila tone kuingia.

Siku moja Konservateri alikuja na karatasi ya orodha. Alitaka kupunguza mzigo ili walinzi wabebe chakula cha siku tatu zaidi, na alikuwa amekata mstari juu ya mifuko ya kulalia.

"Hiyo hapana, Shefu," nilimwambia.

"Mzee Ramazani, wewe njo mwalimu wa wepesi. Unapima hata miswaki ya watu. Leo unataka wabebe zaidi?"

"Punguza kitu chochote kingine. Kila muntu abakie na kitu kimoja kikavu cha kujifunika, kifungwe ndani ya plastiki, kisifunguliwe mpaka wakati wa kulala. Hata kama iko na moto. Moto unaweza kukatazwa."

"Na nani?"

"Na mvua. Na maradhi. Na watu."

Aliufuta ule mstari, mifuko ikarudi kwenye orodha. Hakuniuliza zaidi, na mimi sikumwambia jina la Mama Zaina. Lakini pale ambapo mifuko haikutosha niliwafundisha walinzi kushona magunia mawili ya mchele pamoja, kitu ambacho bibi zetu wa mjini walikifanya kwa mkeka wakakiita kilago, na kukijaza nyasi kavu. Nilifundisha pia kwamba kitanda cha kuning'inia kina baridi ileile ya kichanja, lazima mtu aweke kitu chini ya mgongo. Walinzi walidhani nina wazimu wa baridi. Waliniita Papa Bulangeti, na niliitika.

Nilistaafu miaka kadhaa iliyopita. Magoti yalinikatalia. Siku hizi vijana hunijia uani, wengine wawindaji, wengine wachimbaji wanaoelekea Pangi au Punia, wakiwa na picha za mahema kwenye simu. Wanauliza lipi jepesi. Ninawajibu wapime, maana mzani haudanganyi juu ya uzito. Kisha ninawauliza swali ambalo mimi sikuulizwa: kitu unachokitegemea kupita vyote kikiondoka, utalala na nini? Ninawaambia waende wakafikiri. Warudi wanapolipata jibu.

Msimu wa kiangazi uliopita alinijia Amisi, mtoto wa kiume wa Mama Zaina. Yeye ni mwalimu wa shule, ana mvi kidogo.

"Papa Ramazani," alisema, "nataka unionyeshe mahali Mama yuko."

Magoti yangu yalikuwa sababu nzuri ya kukataa. Sikukataa. Tulikwenda polepole, siku nne badala ya mbili. Miti miwili kati ya ile mitatu niliyoitia alama ilikuwa imesimama bado, makovu yametuna kidogo na kufunga. Amisi alisafisha kaburi kwa mikono. Tulisoma Fatiha. Kisha akakaa chini, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Watu kumi na wanane walitoka huku wazima. Mbona Mama peke yake?"

Mchana ulikuwa mweupe, ndege wanalia. Nilimweleza. Nilianza na jiwe la mtoni, nikasema maneno niliyomwambia na maneno aliyonijibu. Sikujitetea kwa mafunzo ya Kapita. Nilipomaliza, Amisi alichuma jani akalichambua vidoleni. Niliona hasira inakuja usoni mwake, na inaondoka, na inakuja tena.

"Hiyo maneno," alisema mwishowe, "siyo mimi nitawaambia dada zangu. Utawaambia wewe, na mudomo wako."

Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza zaidi ya mambo ya njia.

Jumapili iliyofuata nilivaa kanzu safi nikaenda. Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni, akarudi. Ndani walikuwa Amisi na dada zake wawili, Mwamini mkubwa na Zaina mdogo wake. Niliketi nikasema yote tena. Mdogo alilia akajifunika uso kwa kilemba. Mwamini hakulia. Alinikazia macho mpaka nilipofika mwisho.

"Alisikia baridi sana?" aliuliza.

Nilikuwa na jibu lingine tayari, jibu la kumpunguzia. Nililiacha.

"Ndiyo, mwanangu. Alisikia baridi sana."

Alisimama akaingia jikoni. Alikawia. Nilisikia vyombo, kisha kimya, kisha vyombo tena. Niliazimia kwamba asipotoka nitaaga na kuondoka bila kumsumbua mtu. Akatoka na beseni na birika la maji ya vuguvugu, akapiga magoti mbele yangu kama mtoto anavyompigia mzazi, akanimiminia mikononi.

"Nawa, Papa," alisema. "Chakula iko tayari."